Tupeane uzoefu: Toba ya Kwaresima inafanywaje hasa, ukiondoa kuacha nyama?

Mwanzisha mada, Ipagala
Wapendwa, Jumatano ya Majivu ikishapita, Dodoma nzima "imefunga". Ukiuliza wamefunga nini: soda, nyama, muziki. Sawa, na toba je? Naomba wanaofundisha au kuongoza watu kwenye jambo hili waweke hatua zenyewe. Shuhuda tuziache kwa leo.

Katekista, Nkuhungu
Tumsifu Yesu Kristo. Nianze na hesabu, maana ndipo watu hugombana. Kuanzia Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Jumapili 6, zinabaki 40. Mfungo wa lazima kwetu Wakatoliki ni siku 2 tu, Majivu na Ijumaa Kuu, kuanzia miaka 18 hadi unapotimiza 59. Unakula mlo kamili mmoja, na vingine viwili vidogo ambavyo hata ukivijumlisha havifikii ule mkubwa: kikombe cha uji asubuhi, kipande cha kiazi mchana, jioni ugali na mlenda. Nyama huachwa siku hizo mbili na Ijumaa za Kwaresima, kuanzia miaka 14. Na ndiyo, kuku ni nyama. Samaki, mayai na maziwa ruksa.

Huku kwetu Kwaresima hukutana na kazi za shamba. Anayeshinda na jembe juani, mjamzito, mgonjwa, hao hawalazimiki kufunga; wachague tendo jingine la toba.

Kwenye kuungama, dhambi ya mauti, yaani dhambi nzito, inatajwa kwa aina na idadi. "Nimewakosea wenzangu" padre hawezi kuifanyia kazi. Sema, "Nimemdhulumu mtu pesa, kama mara tatu." Basi. Usitaje jina la mtu, usisimulie kisa kizima, na tafadhali usiungame dhambi za mume wako. Mtu akishasali Baba Yetu tatu alizopewa kama malipizi huona amemaliza, kumbe mali ya watu bado iko ndani kwake.

Mzee wa Kanisa, KKKT (Kilutheri), Area C
Bwana Yesu asifiwe. Hapo kwenye mali ndipo penyewe. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili ya Luka, aliposema atarudisha mara nne alikuwa anashika kipimo cha mwizi wa kondoo, Kutoka 22:1. Wa ng'ombe analipa watano. Hesabu 5:7 ni nafuu zaidi: aliyekiri alipe yote na kuongeza sehemu ya tano, yaani 100,000 inarudi 120,000. Sisi hatubanwi na viwango hivyo, ila kurudisha kile ulichochukua hakuna mjadala.

Mji huu ni wa serikali, kwa hiyo nitaje deni lake la kawaida. Umelipwa posho ya kujikimu siku 5, ukalala kituoni 3. Za siku 2 si zako. Andika barua fupi kwa mhasibu, omba kumbukumbu namba ya malipo, lipa, tunza risiti. Kuipeleka fedha hiyo kwenye sadaka hakufuti deni: mwenye mali ni ofisi, wala kanisa halikukukopesha.

Vivyo hivyo dada wa kazi uliyemkata mshahara kwa sahani iliyovunjika, au kibarua wa palizi anayezungushwa tangu Januari. Mlipe. Amehama? Ulizia kwa ndugu zake au kwa balozi wa nyumba kumi. Akikosekana kabisa, wape maskini. Usibaki nayo wewe. Huna zote? Patana naye awamu, mwandikiane tarehe.

Mama mlezi wa ndoa, Anglikana, Chang'ombe
Naongezea kwenye kuomba radhi, maana ndiko kunakoharibika zaidi. Nenda mwenyewe, mchana, akiwa hana wageni. Taja kosa kwa jina lake: "Nilisema umeiba hela za kikundi, na haikuwa kweli." Nyamaza, msikilize. Ukitia "lakini na wewe" umeanzisha ugomvi mpya. Kama ulimsema mbele ya watu, kwa mfano kwenye kundi la vikoba, urudi kukanusha mbele ya watu walewale. Kumnong'oneza pembeni hakutoshi. Asiposamehe siku hiyo, usimlazimishe kwa mistari ya Biblia.

Jambo moja la tahadhari: siri ya usaliti wa ndoa usiitapike mezani ili wewe ulale usingizi. Pitia kwanza kwa mchungaji.

Mlokole, Kisasa
Sisi hatuna Kwaresima. Toba ni kila siku, Yoeli 2:13: rarueni mioyo, si mavazi.

Katekista, Nkuhungu
Kweli, na andiko hilo hilo ndilo tunalosoma siku ya Majivu. Shida ya "kila siku" ni kwamba deni la mtu huwa halipati tarehe. Siku 40 zinakupa tarehe.

Mwanzisha mada, Ipagala
Nashukuruni. Kuungama niende lini?

Katekista, Nkuhungu
Juma la tatu au la nne. Wiki Takatifu foleni ni ndefu na padre amechoka, utapewa dakika mbili. Ulizia ofisi ya parokia muda wa siku za kazi. Ukiandika dhambi zako kwenye karatasi ili usizisahau, ni sawa, ila ukitoka uichome. Usiiache kwenye Biblia ya familia, watoto wanasoma siku hizi.