Msamaha wa kodi kwa hoteli unaua mikoko Pwani, na sasa wanataka kutuletea mpango huohuo Kisumu

Wadau, huu uzi naandika nikiwa na hasira na sitaipunguza. Juzi nimekaa kwenye kikao cha maoni ya wananchi hapa mjini, akasimama jamaa wa mambo ya uwekezaji akatuambia ati tukitaka watalii waje ziwani lazima tufanye kama Pwani, tuwapunguzie wenye hoteli kodi ya ardhi, tuwape ploti za kando ya maji, na vibali vitoke haraka bila kuzungushana. Watu wakapiga makofi! Kama Pwani? Huyo mtu akienda Pwani huwa anazunguka nyuma ya hoteli kule maji ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, yanaingia, ama anaishia mapokezi na kwa bwawa la kuogelea?

Mimi ni fundi wa stima, nimefanya Kwale miaka mingi, mjengo mmoja ukiisha naingia mwingine, kwa hivyo haya sijasimuliwa. Kuna mahali kontrakta alikuwa anamwaga vifusi pale hori linapoishia, lori baada ya lori, mpaka akapata barabara ya kuingilia kwa mradi, na hakuweka hata kalvati moja ya kupitishia maji. Hakuna mkoko uliokatwa pale. Ilikufa ikiwa imesimama, kwa sababu maji ya bahari yakijaa hayafiki tena, na ile mizizi inayotokeza juu ya tope kutafuta hewa imefukiwa na mchanga, mti unakosa pumzi pole pole, majani yanageuka manjano halafu unabaki mti mkavu mweupe. Ukiuliza unajibiwa "sisi hatujakata mti wowote." Wazee wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, waliandika barua, wakarushwa ofisi hii mpaka ile, mwisho wakaulizwa namba ya ploti kana kwamba wao ndio wanaouza shamba. Hoteli ikafunguliwa na wakubwa wakaja kukata utepe.

Sasa sikilizeni upande wa pesa kwa sababu hapo ndipo panaponiuma zaidi. Kwa sheria ya kodi iliyobadilishwa 2020, mtu akijenga hoteli nusu ya gharama ya jengo inatolewa kwa hesabu ya faida yake mwaka wa kwanza wa kulitumia, kabla kodi haijahesabiwa, na ile nusu ingine inaendelea kutolewa miaka inayofuata. Ukija kwa forodha, sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu hoteli yenye leseni kuingiza friji, televisheni, mazulia, viti, mapazia, mpaka mashine za kufanyia mazoezi bila ushuru, mradi zimewekwa nembo ya hoteli. Haya, mama anayeuza samaki soko la Kibuye hapa Kisumu akinunua friza yake analipa kila kitu. Sisemi hoteli zisisaidiwe, mimi mwenyewe nimelisha watoto na hizo kazi. Nauliza tu, mbona hiyo nafuu ya kodi inahesabu simiti na vyumba peke yake? Ukifukia hori ukajenga, nafuu unapata. Ukirudisha mjengo nyuma ukaacha hori lipumue, nafuu ni ileile, na vyumba umepata vichache. Serikali imekuambia ufanye nini hapo? Imekulipa uende kwa maji.

Na ile mikoko inayofukiwa kwa hesabu za watu ni ardhi tupu yenye matope na mbu. Kenya nzima mikoko ni kama hekta 61,000, zaidi ya nusu iko Lamu. Huko chini kwa mizizi ndiko kamba, kaa na samaki wadogo wanakulia kabla hawajatoka nje, kwa hivyo mvuvi anayekosa samaki leo shida yake huenda ilianzia kwa ile barabara ya vifusi. Mawimbi yanavunjwa hapo. Kaboni inakaa kwa lile tope miaka na miaka, na ukilichimba inarudi hewani. Halafu kuna mwenye hoteli ananung'unika ati bahari inamla ufuo, anajenga ukuta, ukuta unasukuma mawimbi kwa jirani, jirani naye anajenga wake.

Kuna mtu atakuja hapa kusema mikoko inamalizwa na wakata boriti, wale wanaouza miti yake ya kujengea, na wenye mashamba ya chumvi, na bandari. Ndiyo, wamo wote. Lakini angalieni sheria inampata nani. Mikoko yetu imekuwa msitu wa serikali tangu 1932. Marufuku ya kukata miti ilipotangazwa Februari 2018, wakata boriti wa Lamu walifungiwa kazi waliyorithi kwa mababu, watu wasio na shamba wala duka. Huyo akipatikana na mashua ya boriti bila kibali anashikwa siku hiyo hiyo. Mwenye lori za vifusi anapewa kikao, chai na ahadi ya kufanya marekebisho. Hata 2021 kulikuwa na mswada wa kulegeza kile kifungu cha sheria ya misitu kinachozuia watu kupunguza mipaka ya msitu kiholela, na bila kelele za wananchi sijui tungekuwa wapi.

Halafu usiniambie habari ya kupanda upya. Nimeona hizo siku za kupanda, fulana za bure, picha nyingi, gavana ama meneja ameshika mche. Wanachomeka mkoko popote penye tope. Mikoko ina aina zake na mpangilio wake omera, mlilana anakaa mbele kabisa anapokea mawimbi, mkoko wenyewe nyuma yake, mkandaa na mchu huko juu ambako maji hayafiki kila siku. Ukipeleka mche mahali pasipo pake, mawimbi yanaung'oa, na hakuna anayerudi kupiga picha ya hiyo.

Na utalii wa mikoko upo, tena wa watu wa kawaida. Kijiji cha Gazi huko Kwale kina mama wana daraja lao la mbao ndani ya mikoko, mgeni analipa anatembea. Kisiwa cha Wasini pia kina mama wana lao. Hapo hapo Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja unauza kaboni tangu 2013, yaani unalipwa kwa kutunza mikoko inayoshika kaboni, hekta 117 tu, na pesa imeingia kwa maji na shule za kijiji. Hao ndio wangepewa mazulia bila ushuru kama ni haki tunatafuta.

Turudi nyumbani. Sisi hatuna mikoko, tuna mafunjo, yale matete marefu ya kando ya ziwa. Kwa kinamasi cha Dunga pale ndani samaki kama kamongo na ngege wanazaliana, kuna ndege ambao hawaishi popote ila kwa mafunjo, na wageni wanakuja mpaka kutoka ng'ambo kuwaona, kina mama wanasuka mikeka na vikapu, na maji machafu ya mji huu yanachujwa hapo kabla hayajaingia ziwani. Huyo jamaa wa uwekezaji alipoonyesha ramani yake, upande wa Dunga alikuwa ameupaka rangi ya "ardhi ya hoteli". Hakuna aliyeuliza. Niliinua mkono, muda ukaisha.

Mimi ninachotaka kiandikwe kwa huo mpango ni kimoja: anayefukia mafunjo, anayeziba mkondo wa maji ama anayejenga ndani ya hifadhi ya ziwa asipate punguzo hata la shilingi moja, na kama alishapata arudishe. Ripoti ya athari za mazingira ikitoka huwa inatangazwa kwa Gazeti rasmi na magazetini na tunapewa siku 30 za kutoa maoni, na tangazo lenyewe ni dogo ajabu, watu hawalioni. Kwa hivyo nyinyi wa Dunga, Usoma, Rota, mkiona bikoni mpya, zile alama za mipaka ya ploti, zimepigwa kwa mafunjo ama lori zinamwaga mchanga, wekeni picha na tarehe hapa chini. Na kama kuna mtu alipata nakala ya ile ramani ya kikao, naiomba.