Mhusika mwenye akili anaandikwaje hadi msomaji amwamini?

KalamuYaUsiku

Habari za jioni wakuu.

Naandika hadithi ya upelelezi, naituma kwenye magrupu ya WhatsApp kila Ijumaa, kipande kimoja kimoja. Mhusika mkuu ni Inspekta Zamda, yuko Tanga, kipanga tangu shule ya msingi. Wasomaji wanampenda kwa mdomo wake, lakini kwenye akili wananigomea. Kipande cha sita anaingia chumbani kwa marehemu, anazungusha macho mara moja, anasema: "Muuaji anatumia mkono wa kushoto, na alifika hapa saa tano usiku." Konstebo wake anabaki mdomo wazi.

Nilidhani hapo nimewamaliza. Majibu niliyopata: "Amejuaje?" Mwingine: "Huyu si mpelelezi, ni mganga." Mwingine ndiye aliyeniuma zaidi: "Zamda anaonekana ana akili kwa sababu polisi wenzake wote umewafanya mazezeta."

Swali langu: wale wahusika wa vitabuni na kwenye sizoni ambao miaka inapita na watu bado wanawataja kwa akili zao, wametengenezwaje? Nadharia za darasani nimezisoma, zimenichosha. Nataka mtu anipe mfano anaoujua mwenyewe. Naomba kuwasilisha.

Popobawa_Mstaafu

Mpe miwani na digrii mbili mkuu, kazi imekwisha.

DekiNaRimoti

Miwani haisaidii, na hili nalisema kwa ushahidi.

Nilikuwa na kibanda umiza Buguruni enzi zile sizoni zinaingia mjini kwa fujo. Mabenchi, televisheni ya kichogo, deki, kiingilio shilingi mia mbili, watoto mia. Mkanda wenyewe nilikuwa nimeshauona, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kubadilisha CD na kutazama watazamaji. Kijana wa miwani akikaa mbele ya kompyuta, akagonga gonga, kisha akasema "nimeingia", hapo ndipo watu walipotoka kwenda kukojoa. Hakuna aliyewahi kukumbuka jina lake.

Sasa chukua Prison Break, ile iliyoanza Marekani mwaka 2005. Katika mastelingi wa akili, kibandani kwangu hakuna aliyepigiwa makelele kama Scofield, yule aliyejifungisha jela makusudi ili amtoroshe kaka yake. Ukiwauliza watu leo watakwambia ni ile tatoo, ramani ya jela nzima imechorwa mwilini. Tatoo ilimwingiza mtu ndani alipe kiingilio. Kilichomfanya arudi kesho ni skrubu.

Kumbuka: sehemu ya pili tu, jamaa anachomoa skrubu kwenye mabenchi ya uwanjani pale jela. Anapokonywa. Anahangaika mpaka anairudisha. Kisha anakaa selo anaisugua sakafuni taratibu hadi ncha inakuwa na pembe sita, apate kufungulia choo kilichobanwa ukutani. Kibandani kwangu wakati huo wamejaa mafundi baiskeli, mafundi majiko na utingo wa malori. Hao skrubu wanaijua kuliko mwandishi wa ile sizoni! Walikuwa wanamsaidia kwa sauti: "Geuza upande wa pili wewe, unaila yote!" Mpaka leo nikikutana nao wananikumbusha ile skrubu. Hakuna mtu aliyewaambia kwamba jamaa ana akili. Walifanya naye kazi.

Baadaye sizoni ikaleta daktari wa akili aeleze kwamba ubongo wa Scofield una hali fulani, hauchuji chochote ambacho macho yanaona. Nadhani waliogopa tusipopewa sababu ya kitaalamu hatutaamini. Mabenchi yalipoa. Kuna mzee mmoja aliuliza kama naweza kupeleka mbele.

Halafu kuna gharama. Watu wa Abruzzi, bosi wa mafia aliyefungwa mle, wanamkata vidole viwili vya mguu na bado hasemi wanachokitaka. Baadaye anabanwa kwenye upenyo mgongo ukigusana na bomba la moto, na kipande cha ramani kinaondoka na ngozi. Mtu aliyepanga kila kitu kwa kipimo cha rula sasa inabidi akambembeleze Haywire, yule mgonjwa wa akili aliyewahi kukaa naye selo moja, maana ndiye pekee aliyewahi kuikariri michoro ile. Kwangu mimi Scofield alizaliwa siku hiyo. Mpango unapokwenda sawa, akili inayoonekana ni ya mwandishi, ambaye amekaa na chai yake mwezi mzima akifikiri. Ukiharibika ndipo tunamtazama mhusika.

Na hilo la mazezeta, msomaji wako kasema kweli tupu. Msimu wa pili walimleta Mahone wa FBI. Anazitazama picha za tatoo na yeye anaanza kuzisoma. Ana vidonge kavificha ndani ya kalamu, mikono inatetemeka, ana maiti kaizika kwenye bustani ya nyumba yake, lakini kichwa chake kinakimbia sambamba na cha Scofield. Kibanda kiligawanyika pande mbili. Watu wazima, waliowahi kulala mahabusu, walikuwa wanamshangilia askari! Zamda anahitaji mtu wa namna hiyo upande wa pili. Kama huna, basi angalau huyo konstebo mfunge mdomo na umfungue kichwa.

KalamuYaUsiku

Mkuu nimekuelewa, ila hao walikuwa na sehemu 22 kwa msimu wa kwanza peke yake. Mimi nina maneno mia sita kwa kipande, na wasomaji wanaosoma wamesimama kwenye daladala. Skrubu nitaiweka wapi?

BintiForodhani

Assalaam aleykum. Kaka yangu, maneno mia sita ni mengi mno. Abunuwasi alihitaji machache zaidi.

Ile ya sufuria kila mtu aliisikia utotoni. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani: "Imezaa." Jirani anapokea vyote viwili, hana swali. Mara nyingine anaiazima, hairudishi: "Imekufa." Jirani anakuja juu, sufuria inakufaje? Na mbele ya kadhi hana la kusema, kwa kuwa alishakubali kwamba inazaa. Tazama hapo hakuna elimu ya ajabu, hakuna jicho la kuona kupitia ukuta. Abunuwasi ametumia tamaa ya mwenzake tu, na sisi tuliiona ile tamaa pale kisufuria kilipopokelewa. Kila kitu kilikuwa mbele yetu tangu mwanzo, na bado tunacheka mwishoni.

Sasa Inspekta wako. Hebu mpe kitu asichokijua. Mpelelezi Sherlock Holmes, kwenye kitabu chake cha kwanza kabisa mwaka 1887, rafiki yake Watson anagundua kwamba mwenzake hajui kuwa dunia inalizunguka jua. Akielezwa, anajibu kwamba atajitahidi kulisahau, halina faida kwa kazi yake! Mimi nilisoma hapo nikacheka peke yangu, na tangu siku hiyo nikamwamini kwenye majivu ya sigara na matope ya viatu. Mtu anayejua kila kitu hatumwamini hata mtaani. Na watu humfanya Watson mjinga, wakati ni daktari wa jeshi aliyerudi na jeraha kutoka vitani Afghanistan. Hayuko pale kupigwa na butwaa tu. Anauliza yale ambayo mtu mwenye akili timamu angeuliza.

Kwetu Unguja tunaye mpelelezi Bwana Msa, wa mwandishi Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi mwaka 1958, kitabu kikatoka 1960. Marehemu baba alikuwa akisoma barazani kwa sauti, na wasikilizaji walikuwa wanabishana na kitabu. Bwana Msa kiko mdomoni, msaidizi wake Najum pembeni, maneno yake ya taratibu. Mtu ameuawa mahali pa mzimu, watu wananong'ona, na yeye anakataa kabisa kwamba mzimu ndio uliomuua. Akili yake haiwi hesabu peke yake. Inahitaji moyo wa kusimama mbele ya watu wako ukawauliza maswali wasiyoyataka. Na mwandishi hakumfanya malaika, kwani mwaka 1984 alitoa kitabu kizima kinachoitwa Kosa la Bwana Msa. Kosa limewekwa juu ya jalada!

Kwa hiyo nakuuliza, Zamda anaogopwa na nani kwa sababu ya maswali yake? Kama hakuna, hajaanza kazi.

SinzaMori_Kid

Wakubwa mnaongea vizuri ila mnasahau Profesa wa La Casa de Papel. Ile ya Uhispania ya 2017, wanaiba kwenye kiwanda cha kuchapa noti Madrid. Jamaa anatuficha mpango kila mara. Mambo yakimkaba, wanarudi nyuma kutuonyesha kwamba alishalipanga hilo miezi mitano kabla. Kwa kipimo cha Binti hapo juu huo ni uganga mtupu, hatukuonyeshwa kisufuria. Lakini dunia nzima ilivaa ovaroli nyekundu na barakoa ya Dalí. Mnasemaje?

DekiNaRimoti

Nasema ni wizi, na siyo ule wa noti. Mimi nilimaliza misimu yote nikiwa namtukana mwandishi, kibanda nilishafunga kwa hiyo nilikuwa namtukana peke yangu kwenye simu.

Ila tofautisha. Ukimuuliza mtu mpango wa Profesa ulikuwaje, nusu hawezi kukueleza. Muulize Profesa yukoje: atasukuma miwani isiyokuwepo puani kwa kidole. Atakwambia alikaa mgahawani na Raquel, inspekta aliyekuwa anamtafuta, akampenda, na mapenzi hayakuwemo kwenye ramani. Yaani yale yale ya tatoo kuungua. Wakiturudisha nyuma kila mara, mimi naona wanatumia mkopo, na marejesho yanalipwa na ule udhaifu wake. Zamda hana akiba ya kukopea, hata udhaifu hujampa.

SinzaMori_Kid

Bado sijakubali. Mimi nilikuwa napenda kudanganywa vile. Lakini sawa.

KalamuYaUsiku

Nimeshinda na hili jambo leo kazini. Mkono wa kushoto nimeufuta. Hebu someni, kipande cha sita kipya, hapo wanapoingia chumbani:

*Mita ya umeme ya LUKU juu ya mlango ilikuwa inasoma sufuri. Simu ya marehemu ilikuwa chini ya meza. Ujumbe wa mwisho ulikuwa tarakimu ishirini za umeme, umeingia saa tatu na dakika kumi usiku. Zamda alizisoma moja moja, kisha akatoka uani kwa mama jirani.*

*"Umesema saa sita usiku uliona mwanga dirishani kwake?"*

*"Kwa macho yangu haya, mwanangu."*

*"Mwanga wa namna gani?"*

Kipande kinaishia hapo. Sielezi chochote mpaka Ijumaa nyingine.

DekiNaRimoti

Aisee. Hapo utingo wangu wangesimama. Kila mtu aliyepanga chumba anajua: umeme ukikatika ukanunua, unakimbilia mita kuingiza namba kabla hata ya kukaa. Marehemu amenunua hajaingiza. Maana yake unaijua, sina haja ya kuisema.

Badilisha kimoja. Konstebo ndiye aione mita kwanza. Inspekta anakaa kota. Konstebo amepanga, LUKU ndiyo inayomnyima usingizi mwisho wa mwezi. Zamda amwangalie kijana, aelewe kwamba kaona kitu, amuulize. Akili yake iwe katika kujua nani wa kumuuliza. Hilo la mazezeta umelimaliza bila hotuba.

BintiForodhani

Nzuri, mashallah. Ila simu ya marehemu waliifunguaje? Haina nenosiri?

KalamuYaUsiku

Ni kitochi dada. Marehemu ni mzee wa samaki, simu janja aliikataa hata aliponunuliwa na mwanawe.

Popobawa_Mstaafu

Kitochi si kina tochi?

DekiNaRimoti

Ngoja kwanza. Basi ule mwanga aliouona mama jirani saa sita, mtu alikuwa ameishika hiyo hiyo simu, na ujumbe wa umeme ulikuwa tayari umo ndani...

KalamuYaUsiku

Mkuu ishia hapo hapo tafadhali. Wasomaji wangu wengine wamo humu.