Landrover 109 imetoka rangi inang'aa, sasa taa zinacheza disko na betri inalala. Msaada wakuu

Chuma_109:
Wakuu habari za jioni, naomba msaada maana kichwa kinauma kweli. Nina Landrover 109 Series III ya mwaka 76, injini ya petroli ile 2.25, niliitoa Korogwe ikiwa imekaa chini ya mwembe miaka sijui mingapi, kuku walikua wanatagia siti ya nyuma. Nimekaa nayo miezi 14 hapa Tanga, nikashusha bodi yote, chesisi ikapigwa mchanga ikapakwa rangi koti tatu, bodi nayo rangi, nati na bolti mpya zote, yani ukiiona utasema imetoka kiwandani jana. Waya nimerudisha zilezile za zamani, fundi alizikagua akasema nzima. Ndo mateso yakaanzia hapo.

Kwanza taa kubwa zinawaka kama kibatari. Nikiwasha indiketa ya kushoto na taa ndogo ya nyuma nayo inapepesa kwa mdundo uleule, nikikanyaga breki indiketa inagoma kabisa. Pili, nikifungua swichi tu geji ya mafuta na geji ya joto zinapanda zote mbili mpaka mwisho, na tanki lina lita kumi na injini ya baridi. Tatu hii ndo imenitisha, jana napiga stata ikazunguka kivivu, mara naona moshi kwenye dashibodi, kumbe kebo ya choki (ile ya kuvutia kabureta injini ikiwa baridi) imeshika moto, nimeigusa ikaniunguza vidole. CHOKI wakuu, kitu ambacho hakina uhusiano na umeme! Na juu ya hayo yote betri inalala kila baada ya siku tano ikikaa bila kuwashwa. Nimeshanunua betri mpya N70, globu mpya, swichi ya taa mpya, hamna badiliko. Fundi sasa anasema tufumue waya zote tuvute mpya, laki nane bila nyaya zenyewe. Nifanyeje?

Dogo_Relei:
Mkuu laki nane toa tu ulale usingizi. Waya za miaka karibu 50 unazirudisha za nini kwenye gari ulilolipigia rangi ya hela yote hiyo, mpira wa juu unakatikakatika ukikunja, siku moja utaliona linaungua barabarani na familia ndani. Fumua weka mpya.

Babu_Kabureta:
Kijana wangu Chuma, usitoe hata shilingi kwanza. Mimi nimestaafu lakini nimeanza kufungua hizi gari toka nikiwa spana boi, na ulivyoeleza dalili zako umeshajijibu mwenyewe ila hujui. Gari lilipokua chini ya mwembe na kutu yake lilikua lina ethi, yani njia ya umeme kurudi betrini. Wewe umelipaka rangi koti tatu, na rangi haipitishi umeme. Basi.

Sikiliza vizuri. Kwenye gari waya unaleta moto, yani umeme, mpaka kwenye taa, kurudi betrini umeme unapita kwenye bodi na chesisi. Sasa Landrover ina balaa lake la ziada, mabawa na milango na sehemu kubwa ya bodi ni alumini, chesisi ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na dereva nao ni chuma. Alumini na chuma vikikutana mahali pana chumvi na unyevu vinalana, unafungua bolti unakuta unga mweupe. Tanga hapo upepo wa bahari upo bure kila siku. Zamani ulikua unakuta gari la bara limekaa miaka halina shida, likishuka pwani miaka miwili taa zinaanza wazimu. Na wewe juu ya hilo ukaongeza rangi kila pahali ambapo chuma kilikua kinagusana na chuma.

Ndo maana indiketa inapepesa na taa ndogo. Umeme wa indiketa umefika kwenye globu, unatafuta njia ya kurudi, ethi ya ile taa haipo, unapanda kupitia globu ya jirani unatafuta ethi huko. Ukikanyaga breki hali inazidi kwa sababu globu ya breki ni wati 21, ya taa ndogo ni wati 5, mkubwa akitaka kupita mlango mwembamba wote wanakwama.

Choki sasa. Injini yako imekaa juu ya mipira, kwa iyo injini yenyewe haigusi chesisi kwa chuma. Kuna mkanda wa ethi uliosukwa kama utepe, mmoja unatoka chesisi unaingia kwenye injini au gea boksi. Nakuhakikishia wakati wa kurudisha injini ule mkanda ama mmeusahau kwenye ndoo ya bolti za zamani, ama mmeufunga juu ya rangi. Stata inakula zaidi ya ampia mia, na lazima zirudi betrini kwa njia yoyote, zikakuta kebo ya choki imeunganisha kabureta na dashibodi zikapita humo. Kebo nyembamba vile lazima iwe jiko. Usipige stata tena mpaka uufunge huo mkanda, utaunguza na kebo ya spidi.

Geji mbili kupanda kwa pamoja usihangaike na geji wala tanki. Nyuma ya dashibodi kuna kikopo kidogo cha bati, hicho ndo kinapunguza volti 12 kua wastani wa volti 10 kwa kukata na kuunga, kukata na kuunga. Nacho kinapata ethi kwa mwili wake. Kikikosa ethi kinabaki kimeunga moja kwa moja, geji zinakula volti zote, zinapanda juu. Geji moja ikiharibika inaharibika peke yake, zikichanganyikiwa mbili mtafute mzazi wao.

Sasa usiniamini kwa maneno, pima. Mita weka DC volti 20. Washa taa kubwa. Ncha moja ya mita kwenye NGUZO ya negativu ya betri, nguzo yenyewe sio terminali, ncha nyingine kwenye ule mguu wa ethi wa taa. Ethi nzima inasoma 0.1 au 0.2. Ikifika nusu volti hapo pana ugonjwa. Halafu fanya hivyohivyo injini na betri, mwenzako akipiga stata sekunde mbili tu. Ulete namba hapa.

Dogo_Relei:
Sawa babu ila waya bado za zamani

Babu_Kabureta:
Ni za zamani, hata mimi ni wa zamani. Waya inakaguliwa kwa kukunja, ikikatika mpira unabadili kipande hicho. Na faida ya zile za kiwandani ni rangi zake, Waingereza walikua na utaratibu: kahawia ni moto wa betri wakati wote, nyeupe ni moto wa swichi, kijani ni moto wa swichi uliopita fyuzi, zambarau ni moto wa wakati wote uliopita fyuzi, nyeusi ni ethi, kijani chenye mstari mwekundu indiketa ya kushoto, chenye mstari mweupe ya kulia, nyekundu taa ndogo, bluu taa kubwa. Ukijua hayo unafuata ugonjwa mpaka kitandani. Ukimpa fundi afumue atakuvutia waya nyekundu gari zima kwa sababu roli la nyekundu ndo lilikua linauzwa, siku likisumbua usiku porini utalia.

Wambui_504:
Boss pole sana lakini nimecheka hiyo story ya choke juu ilinipata hivyo hivyo na Peugeot 504 ya marehemu baba hapa Nakuru. Tulitoa injini ikafanyiwa overhaul, kurudishwa ile strap ya earth ikabaki kwa sakafu ya garage. Mimi nilidhani ni stata nikanunua ingine, pesa ya bure. Kitu ningeongeza kwa ya mzee, ukishapata mahali pa earth usikwaruze tu na kufunga, kwaruza na msasa mpaka uone chuma cheupe, weka washa (ile pete ya bolti) yenye meno, funga kaza, ALAFU ndio upake vaselini ama grisi juu ili maji isiingie. Watu huweka grisi kwanza kisha wanashangaa. Na kwa taa za mbele usitegemee bawa la aluminium, vuta waya moja nyeusi nene kutoka kila taa hadi kwa nguzo moja na hiyo nguzo iende straight kwa betri. Mimi nilifanya hivyo na sijawahi rudi huko tena.

Kigoli_Mwanza:
Nauliza tu nje ya mada kidogo, fyuzi za kioo za zamani zinapatikana wapi maana mi nimeweka za kioo za dukani za 35 kwenye Morris yangu sababu ya zamani imeandikwa 35

Babu_Kabureta:
Zitoe leo mama. Ile ya Lucas, kampuni ya Waingereza ya vifaa vya umeme wa magari, iliyoandikwa 35 maana yake inakatika ikifika ampia 35, mzigo wa kubeba muda wote ni 17 tu. Hizo za dukani zikiandikwa 35 zinabeba 35 bila wasiwasi, waya wako utaungua kabla ya fyuzi kukatika. Weka ya 15 au 20.

Chuma_109:
Wakuu nimerudi. Jumamosi yote nimeshinda chini ya gari. Kwanza Babu nakuomba radhi kwa moyoni nilikubishia, maana nilisema huyu mzee hajaliona gari anajuaje.

Namba hizi hapa. Taa ya kushoto mguu wa ethi na betri: 2.8. Ya kulia: 2.3. Taa ya nyuma kushoto nimekanyaga breki: 3.9!! Injini na betri wakati wa stata: 4.6, na mwanangu akakata haraka maana choki ilianza tena kunuka. Mkanda wa ethi nimeukuta, na sio kwenye ndoo, upo umefungwa vizuri kabisa kwenye chesisi, juu ya koti tatu za rangi nyeusi, na bolti nayo imepakwa rangi. Nimekwangua nikaweka washa ya meno kama dada wa Nakuru alivyosema. Stata sasa inapiga mara moja tu inawaka, mpaka nimeogopa. Mita inasoma 0.15. Taa za mbele nimevuta waya nyeusi mpya, 0.1 zote mbili, mke wangu katoka nje kauliza nani kaja na gari maana ukuta wa jirani wote ulikua mweupe. Kikopo cha geji nimekwangua pale kilipokaa, geji zimetulia. Gharama ya yote hayo elfu kumi na nne, na soda.

Ila betri bado inalala. Nimechaji Jumapili, leo Ijumaa haipigi.

Babu_Kabureta:
Huo ni ugonjwa mwingine, ethi mbaya hainyonyi betri. Zima kila kitu, toa terminali ya negativu, mita weka kwenye tundu la ampia 10 (tundu sio kitufe tu, hamisha na waya mwekundu wa mita), iweke kati ya nguzo na terminali. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiua. Soma. Gari la aina hiyo halina saa wala kompyuta, linatakiwa kusoma karibu na sifuri.

Chuma_109:
Inasoma 0.42. Nimetoa fyuzi moja moja hamna kinachobadilika, 0.42 imeganda palepale.

Babu_Kabureta:
Piga hesabu: betri yako ampia sabini kwa saa, gawa kwa 0.42, saa 167, siku saba imekauka kabisa, lakini stata inashindwa mapema zaidi. Siku zako tano hizo. Kitu kisichopita kwenye fyuzi na kina moto wa betri muda wote ni altaneta, ile mashine inayochaji betri. Chomoa plagi ya nyuma yake uangalie mita. Na asubuhi kabla hujaiwasha shika mgongo wake, kama una uvuguvugu na gari limelala baridi usiku kucha, diodi (kile kipande cha ndani kinachopitisha umeme upande mmoja tu) inavuja.

Nikuulize kitu. Kuna mtu alichomoa terminali ya betri injini inaunguruma ili kuona kama inachaji?

Chuma_109:
Nimechomoa plagi, imeshuka mpaka 0.01. Na ndio babu, fundi alichomoa mara tatu mbele yangu, akasema "unaona, haizimi, altaneta nzima hii". Mi nikampa na hela ya chai.

Babu_Kabureta:
Hahaha. Mchezo huo ulitoka enzi za dainamo, mashine ya kuchaji ya kabla ya altaneta. Altaneta ukiichomolea betri inafanya kazi volti zinaruka juu ghafla na diodi ndo zinapokea kofi. Peleka kwa mtu anayesuka altaneta abadili diodi, usinunue nyingine. Akirudisha pima kwenye betri injini ikiwa inaunguruma, 13.8 mpaka 14.5. Na ile taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi hakikisha globu yake ni nzima, sio pambo, altaneta hiyo inaamshwa kupitia globu hiyo, ikiungua haichaji na utaanza kutafuta mchawi upya.

Wambui_504:
Na saa hii mpaka ifixiwe chomoa tu hiyo plagi ukipark usiku

Chuma_109:
Nimerudi tena wakuu. Diodi zimebadilishwa, inasoma 14.2. Wiki imepita haijaguswa, asubuhi nimepiga mara moja imewaka. Jana usiku tumeenda Pangani na kurudi na watoto, taa zinaona mpaka mashimo ambayo mchana siyaoni. Kebo ya choki iliyoungua nimeitundika gereji ukutani.

Dogo_Relei:
Mkuu hongera sana. Unaiuza?

Chuma_109:
Hapana.