Naomba ushauri: mama ana kisukari na anataka kufunga Kwaresima yote

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Mama yangu ana miaka 67 na anatumia dawa za kisukari. Tangu Jumatano ya Majivu anakula mlo mmoja tu, jioni. Mchana sukari inashuka, anatetemeka na kutokwa jasho. Nikimsihi ale, anajibu kwamba Bwana alikaa jangwani siku 40, yeye ni nani akose kuvumilia.

Najua Kanisa Katoliki linawadai kufunga wenye miaka 18 hadi 59, tena siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na wagonjwa hawabanwi. Nimemweleza. Ila mama hatafuti sheria, anamtafuta Mungu, na kweli naona anavyosali kipindi hiki. Ndiyo maana naogopa: nikimlazimisha uji saa nne, si nitakuwa namnyang'anya kitu cha rohoni?

Isaya 58 ndiyo inanipa mwanga, pale mfungo unapokuwa kumgawia mwenye njaa chakula na kumvika aliye uchi. Nawaza ale vizuri na dawa zake, aache nyama, na fedha hiyo ampelekee mjane jirani yetu. Je, huo ni mfungo kamili, au atahisi nimempa wa watoto?

Mliowahi kuuguza mzazi wa namna hii, mlizungumza naye vipi? Daktari nitampeleka wiki hii. Nimwombe na paroko aje nyumbani, au katekista anatosha?