Naomba ushauri: tasnifu ya nadharia ya superkondakta za joto la juu, nikiwa Mbeya

MwalimuUyole
Wakuu, salaam. Nafundisha fizikia sekondari hapa Mbeya, na ninajiandaa kuandika tasnifu ya uzamili kuhusu superkondakta za oksidi ya shaba (vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani vikipozwa vya kutosha), zile zilizogunduliwa na Bednorz na Müller mwaka 1986. Nadharia ya Bardeen, Cooper na Schrieffer ya 1957, inayoeleza superkondakta za kawaida kwa jozi za elektroni, naielewa. Kinachonikwamisha ni kwamba oksidi ya lanthanamu na shaba, kabla ya kutiwa bariamu, ni kihami, ingawa kwa hesabu za kawaida ingepaswa kupitisha umeme. Maabara ya kupoza vitu sina. Nina kompyuta mpakato tu. Je, ipo mada ninayoweza kuimudu?

Mnyalu_Iringa
Mwalimu, hapo ulipokwama ndipo penye kiini, usipakwepe. Elektroni mbili zikikutana kwenye atomu moja ya shaba husukumana kwa nguvu mno, kwa hiyo kila moja hubaki mahali pake, kama abiria wa kosta iliyojaa ambao hakuna awezaye kusogea mpaka mmoja ashuke. Bariamu ndiyo inayomshusha huyo mmoja.

Anza na modeli ya Hubbard, ambamo elektroni huruka kati ya atomu jirani kwa nguvu t na husukumana kwa nguvu U zikikaa kwenye atomu moja: atomu 4 kwenye mraba na elektroni 4, mbili za spini (mwelekeo wa usumaku wa elektroni) juu, mbili za spini chini. Hali zote, yaani namna za kuzipanga elektroni hizo, ni 36 tu, kiasi kwamba matriki (jedwali la namba) nzima unaweza kuikagua kwa macho kabla ya kuikabidhi kwa programu. Pandisha msukumano U kutoka kiwango kidogo hadi mara 8 ya t, uone jinsi elektroni zinavyoacha kukaa pamoja na spini za majirani zinavyozidi kuelekeana kinyume.

FizikiaNjombe
Naunga mkono, ila kwa atomu 12 hali zinafika 853,776, na kwa 16 zinapita milioni 165. Usiahidi kueleza chanzo chenyewe cha usuperkondakta huo. Mwanafizikia Philip Anderson alitoa wazo lake kuhusu chanzo hicho mwaka 1987 na mjadala haujaisha hadi leo.

Mimi ningeuliza hivi: ukizungusha mraba huo robo duara, wimbi la hali ya nishati ya chini kabisa ya elektroni 4 hubadili alama (jumlisha huwa kutoa), lakini ya elektroni 2 haibadili. Kwa hiyo jozi iliyoondolewa ina umbo la wimbi-d (linalobadili alama kila robo duara), lile lile ambalo Tsuei na Kirtley walilionyesha kwa majaribio mwaka 1994. Hesabu hiyo unaimudu, na inagusa maumbile halisi.

MwalimuUyole
Nashukuru sana, wakuu. Pendekezo nitalijenga juu ya swali hilo la alama, na suala la atomu 12 nitalipeleka kwa msimamizi.