Kwa nini filamu za mapigano za bajeti ndogo hutushika licha ya upungufu wake?

Mtazamaji Makini (mwanzisha mada)

Ndugu zangu wapenzi wa filamu,

Kwa miaka mingi nimekuwa nikifuatilia filamu za mapigano, na kila ninapojaribu kumweleza mtu asiyezipenda kwa nini ninaziheshimu zile zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, maneno huniishia. Upungufu wake nauona kama anavyouona yeye: hadithi ya kisasi ambayo mwisho wake unajulikana tangu dakika ya kumi, mazungumzo yanayotamkwa kana kwamba mwigizaji anasoma barua ya mtu mwingine, na ghala lile lile tupu ambamo kila ugomvi lazima umalizikie.

Hata hivyo, juzi nilitazama filamu moja ya aina hiyo, ambayo stelingi wake sikuwa nimewahi kumwona popote, na katika pambano la kwenye ngazi kulikuwa na kitendo kilichonifanya nirudishe nyuma mara tano. Adui anarusha teke, linakosa, ugoko wake unagonga chuma cha ngazi, na kwa sekunde nzima anasimama kwa mguu mmoja akivuta pumzi kabla ya kurudi vitani. Hakuna aliyeikata picha hapo. Siku mbili baadaye nikatazama filamu ya gharama kubwa sana, yenye mapigano marefu zaidi, na leo sikumbuki pigo lake hata moja.

Ninaomba kuelimishwa: je, ubora huo unatokana na uhaba wa fedha wenyewe, au ni jambo jingine ambalo hutokea tu kuwa karibu na uhaba? Na ni upungufu upi ambao hatupaswi kuusamehe kwa kisingizio cha bajeti?

Meza ya Uhariri

Ninafanya kazi ya kuhariri picha, na filamu fupi kadhaa za mapigano zimepitia mikononi mwangu, kwa hiyo nitajibu kutoka upande huo.

Filamu yenye fedha nyingi mara nyingi huanza na mwigizaji mwenye jina, kisha humfundisha kupigana. Filamu yenye fedha kidogo huanza na mtu anayejua kupigana, kisha humwomba aigize. Tofauti karibu zote unazoziona zinatoka hapo. Katika The Matrix ya mwaka 1999, waigizaji wakuu walifanya mazoezi kwa takriban miezi minne chini ya Yuen Woo-ping, mpangaji wa mapigano kutoka Hong Kong, kabla ya kurekodi, na matunda yake yalionekana, lakini ni watayarishaji wachache, hata miongoni mwa matajiri, walio tayari kulipia muda wa namna hiyo. Wasipoulipia, kazi ya kuficha hutuangukia sisi wahariri. Tunakata pigo likiwa bado hewani, tunahamia kwenye uso, tunaongeza kishindo, na mtazamaji anapata hisia kwamba kuna jambo limetokea bila kuliona likitokea. Ndiyo maana hukumbuki pigo hata moja: huenda hukuonyeshwa hata moja likiwa zima.

Mtu anayejua kazi yake hahitaji kufichwa. Kamera inaweza kurudi nyuma ikamwonyesha kuanzia utosini hadi unyayoni, jambo ambalo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu teke linaanza kwenye mguu uliobaki chini na ngumi inaanza nyongani. Ukiiacha nyonga nje ya picha, unabakiwa na mkono tu unaopita mbele ya uso wa mtu. Sekunde ile ya ugoko kwenye chuma, mhariri mwenye wasiwasi angeiondoa kwa kuwa haina pigo ndani yake. Lakini ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba chuma ni kigumu na kwamba huyu naye ni mtu mwenye mfupa.

Mafundi wa Hong Kong walikuwa na mbinu nyingi zisizohitaji fedha. Walionyesha pigo moja kutoka pembe mbili, na katika pembe ya pili wakarudia fremu chache za mwanzo wake, yaani zile picha moja moja zinazounda mwendo, ili jicho lipate nafasi ya kulipokea. Walirekodi pia kwa fremu 22 au 21 kwa sekunde, ili filamu ikionyeshwa kwa fremu 24 mwendo uongezeke kidogo tu. Mbinu hii ikizidishwa, watu huanza kutembea kama wanasesere, na hilo tumeliona mara nyingi.

Upungufu ninaousamehe ni wa pembe za kamera. Ngumi ya filamu haigusi. Kinachofanya ionekane imegusa ni kwamba kamera imewekwa mahali ambapo ngumi inapita kati ya lenzi na uso. Kamera ikikaa hatua moja pembeni, pengo linaonekana. Pambano likiwa limerekodiwa kwa siku moja, nikifika mezani ninakuta pigo muhimu lina pembe moja tu, nayo ndiyo yenye pengo, na hakuna fedha za kuwarudisha watu.

Mguu wa Kushoto

Nimefanya mazoezi ya sanaa za mapigano tangu utotoni, na mara kadhaa nimeitwa kuwa mmoja wa wale maadui wanaoangushwa. Ninakubaliana na ndugu mhariri, ila nina mawili ya kuongeza.

La kwanza ni lile duara la maadui wanaosubiri zamu. Watu hulicheka na kusema ni umaskini, lakini ni uvivu wa kupanga. Mpangaji mzuri wa mapigano humpa kila anayesubiri kazi yake: mmoja anainuka kutoka chini, mwingine amezuiwa na mlango, wa tatu anavuta mwenzake aliyezimia apate njia. Ukiwa na ukumbi mpana usio na kitu, kazi hizo ni ngumu kuzipata. Ukiwa na ujia mwembamba, ukuta wenyewe unakufanyia kazi, kwa sababu watu wawili hawawezi kupita pamoja. Tazameni vizuri hata yale maboksi matupu ambayo mtu hurushwa juu yake kila mara. Si pambo la ghala. Boksi tupu linapobonyea linapunguza nguvu ya mwanguko, na ndilo godoro la mtu asiye na uwezo wa kununua godoro.

La pili ndilo nisilolisamehe. Katika filamu moja niliyoshiriki, niliangushwa kwa mgongo kwenye sakafu ya saruji mara saba, bila mkeka, hadi saa nne usiku, kwa kuwa mwanga ulikuwa haujamridhisha mwongozaji. Katika mara ya sita niliuhisi mgongo ukifanya jambo ambalo haukupaswa kufanya, na ya saba nikaifanya kwa sababu nilikuwa kijana na niliona aibu kukataa. Hapakuwa na mtu wa huduma ya kwanza, na nilipouliza nikajibiwa kwamba bajeti haikuruhusu. Maumivu yale ninayo hadi leo kila ninapoinama. Mtazamaji anaposifu kwamba filamu fulani “ina mapigano ya kweli”, ninaomba akumbuke kwamba ukweli huo wakati mwingine ni mwili wa mtu uliotumika mahali pa fedha. Kama hamna uwezo wa kuweka mkeka na mtu wa huduma ya kwanza, mwanguko huo uondolewe kwenye hadithi.

Kabati la Kanda

Pole sana, ndugu Mguu wa Kushoto. Nimesoma maelezo yako mara mbili.

Ningependa kumjibu mwanzisha mada kwa mifano, kwa sababu ninaona hatari ya kuusifu umaskini. Panna Rittikrai wa Thailand alitumia miaka mingi akitengeneza filamu za fedha kidogo na kufundisha vijana kuruka na kuanguka, na mmoja wa vijana hao ni Tony Jaa, ambaye dunia ilimfahamu kupitia Ong-Bak ya mwaka 2003, filamu iliyojinadi kwamba haikutumia waya za kuwainua waigizaji wala picha za kompyuta katika mapigano yake. Nchini Indonesia, mwongozaji Gareth Evans alikutana na Iko Uwais alipokuwa akirekodi filamu ya makala kuhusu pencak silat, sanaa ya mapigano ya huko. Wakafanya pamoja Merantau mwaka 2009, kisha The Raid mwaka 2011 kwa bajeti ya takriban dola milioni 1.1, ambayo kwa viwango vya filamu za mapigano za Marekani ni fedha kidogo sana. Katika mifano yote miwili kuna miaka ya mazoezi na ya kufahamiana kabla ya filamu iliyovuma. Miaka hiyo ndiyo iliyoonekana kwenye skrini.

Uhaba huo huo ulizaa pia mambo ya aibu. Baada ya Bruce Lee kufariki mwaka 1973, watayarishaji walijaza soko kwa filamu za watu waliopewa majina kama Bruce Li na Bruce Le, ili mnunuzi wa tiketi adanganyike. Katika miaka ya 1980, mwongozaji wa Hong Kong, Godfrey Ho, alijulikana kwa kuchukua filamu ambazo tayari zilikuwepo, kuzipachika vipande vipya vya maninja, na kuziunganisha kwa mazungumzo mapya yaliyoingizwa baadaye. Siku hizi kuna mtindo wa kumlipa mwigizaji mashuhuri kwa siku moja au mbili, akaonekana dakika chache akiwa ameketi nyuma ya meza, huku picha yake ikijaza bango zima.

Kuhusu hadithi, mimi si mpole. Kuandika upya ukurasa hakuhitaji taa wala kamera. Dada wa stelingi ambaye yumo katika filamu ili atekwe tu, na ambaye hasemi sentensi yoyote tunayoweza kuikumbuka, hakuletwa na ukosefu wa fedha.

Mtazamaji Makini

Ninawashukuru nyote, na kwa ndugu Mguu wa Kushoto ninakiri kwamba sitautumia tena msemo ule wa “mapigano ya kweli” bila kufikiri.

Ndugu Kabati la Kanda, nakubaliana nawe kuhusu dada wa stelingi, lakini naomba tutenganishe hadithi nyepesi na hadithi ya kivivu. Chukua The Raid: jengo moja, wahalifu kwenye kila ghorofa, na watu wanaotafuta njia ya kutoka: hilo linasemeka kwa sentensi moja, na kwa kuwa linasemeka hivyo, kila pambano lina sababu ambayo hatuhitaji kukumbushwa.

Limebaki swali la sauti, ambalo halijaguswa. Mbona ndiyo inayosaliti umaskini haraka kuliko picha?

Meza ya Uhariri

Kwa sababu jicho husamehe, sikio halisamehi. Filamu nyingi za zamani za Hong Kong zilirekodiwa bila sauti na mazungumzo yakaingizwa studioni, ndiyo maana midomo ilikuwa haifuatani na maneno hata kabla ya kutafsiriwa. Leo kinasa sauti kizuri si ghali, lakini wengi bado hutumia kishindo kimoja kutoka kwenye mkusanyo ule ule kwa kila kitu, ngumi ya tumboni ikalia sawa na teke kwenye koti la ngozi. Fundi mwenye subira hupiga mfuko wa unga, kitambaa kilicholowa au kipande cha nyama, akarekodi kila kimoja peke yake. Rudia pambano lako la ngazi ukiwa umefumba macho.

Mtazamaji Makini

Nimefanya hivyo sasa hivi. Ngumi zote zinalia sawa, kama ulivyosema. Ila ugoko ulipogonga, chuma cha ngazi kilitoa mlio mwembamba ulioendelea kwa muda, ukafifia polepole, na chini yake nikasikia jambo ambalo sikuwa nimeliona nilipokuwa nikitazama: yule stelingi, ambaye hayumo kwenye picha wakati huo, naye anahema.