SIC (sayansi za habari na mawasiliano) na Kiingereza hapa Lubumbashi: vyote viwili ao kimoja kwanza?

Mwana_Katuba: Jambo wakubwa. Maandikisho yanakaribia na baba anataka jibu. Ninapenda uandishi wa habari, napenda na Kiingereza. Ninaona njia tatu: SIC pale UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), na Kiingereza jioni kwenye kituo cha lugha; Kiingereza ISP (chuo cha ualimu), na redio nitajifunzia kazini; ao kuvuka Zambia nisome yote kwa Kiingereza. Ipi bora?

Kasapa_Lettres: Bora kwa nani, ndugu? Hujasema seksio uliyosoma sekondari, minervali (ada ya masomo) analipa nani, wala kama unataka mikro ao kalamu. Diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, umeshaipata?

Mama_Ruashi: Mwanangu, nenda ISP. Pale wanatoa walimu. Redio ikichelewesha mshahara, mwenye Kiingereza anaingia darasani na watoto wake wanakula. Wengi wa redio nawaona wanaishi kwa coupage, ile bahasha ya usafiri inayogawiwa mkutano ukiisha. Habari iliyolipiwa na mwenye mkutano si habari.

Yaya_Mikro: Mama, kwa heshima, bahasha inawafuata hata wenye lugha tano.

Mdogo wangu, sikia yaliyonipata. Taasisi moja ya hapa mjini, jina naliacha, ilitangaza uandishi wa habari na Kiingereza pamoja, diploma mbili. Tukalipa minervali, tukalipa ada ya lugha pembeni. Kozi ya Kiingereza wakaiweka saa zile zile ambazo wanastaji, wanafunzi walio kwenye mazoezi ya kazi, wanatumwa mjini. Ukienda staji, unaandikwa hukuwepo. Ukibaki darasani, mhariri anampa mwingine nafasi yako. Na darasani ni vitenzi ubaoni mwaka mzima. Hakuna aliyetufundisha kumuuliza mtu swali kwa Kiingereza na kulifuata jibu lake. Redio ikanituma Kasumbalesa, mpakani na Zambia, malori foleni mpaka mbali, dereva Mzambia ananieleza kwa hasira kwa nini wamegoma, na mimi nimeshika mikro bila kuelewa nusu. Sauti ile ilibidi mwenzangu anitafsirie, habari ikatoka kesho yake. Tulipomaliza, katibu akatoa diploma moja tu. Ya Kiingereza ikawa karatasi ya mahudhurio. Wazazi walilalamika, wakaambiwa warudi mwezi ujao, kisha mwezi ujao tena, mpaka wakachoka. Kabla ya kulipa popote, omba uoneshwe diploma ya aliyemaliza.

Kasapa_Lettres: Na hesabu ya LMD, mfumo wa lisansi, masta na udaktari, usiisahau. Mwaka mmoja ni kredi 60, lisansi (shahada ya kwanza) 180 kwa miaka 3. Ukijiandikisha idara mbili, mwaka unakuwa na kredi 120, na mitihani inagongana. Uingereza kuna vyuo vinavyounganisha uandishi wa habari na Kiingereza katika shahada moja, lakini kule kozi zimegawanywa tangu mwanzo ili zitoshee.

Shaba_na_Kobalti: Mnaongea kama Kiingereza ni pambo. Sisi tuko Katanga! Bei ya shaba inapangwa London. Kampuni ya madini Glencore iko kwenye soko la hisa la London, Ivanhoe ya mgodi wa Kamoa-Kakula iko kwenye lile la Toronto, na ripoti zao zinatoka kwa Kiingereza: tani, gharama, kodi waliyolipa. Mwandishi anayezisoma mwenyewe anafika kwa msemaji na swali tayari. Asiyezisoma ananakili tangazo alilopewa. Chukua SIC, na Kiingereza ukisomee kwenye ripoti hizo kila wiki.

Mama_Ruashi: Na wasikilizaji wa komini zetu za Kenya na Katuba watasikia Kiingereza? Radio Okapi tangu 2002 inatangaza kwa Kifaransa na lugha zetu nne, Kiswahili kimo. Vijana wengi wa redio hawawezi kusoma habari ya dakika mbili bila kuchomeka Kifaransa. Mwanzie hapo.

Yaya_Mikro: Hapo ninakubali, mama. Lakini kile Kiswahili cha redio, chenye "ninakwenda" na "sisi sote", bibi yangu anakiita cha kanisani. Watangaze kile kinachosemwa sokoni.

Mama_Ruashi: Hapana! Habari inataka lugha safi, isikike mpaka Kalemie na Kigoma.

Mwana_Katuba: Aksanti kwa wote. Diploma ninayo. Minervali ni mjomba, yuko Kitwe, anasema nikienda kule nitalala kwake.

Shaba_na_Kobalti: Jambo hilo lilikuwa la kusema mwanzo, ndugu.

Kasapa_Lettres: Aliyevuka Zambia atuambie: wanaipokea Diploma ya Serikali moja kwa moja, ao wanadai mwaka wa lugha kwanza?